Kiti cha Marehemu Shimba

Nansio, Ukerewe
11 Machi 2023

Mwanangu Pius,

Natumaini hamjambo wote hapo Buswelu, wewe, Brightness na watoto. Huku tupo. Mvua inasuasua, mihogo imesimama, na ile michungwa ya nyuma ya nyumba imebeba kuliko mwaka jana. Nimerudi juzi kutoka Kisesa. Baada ya mazishi ya kaka yangu nilibaki kidogo kwa sababu Rose, mke wa mwanawe Machibya aliyebeba jina la baba yetu, alikuwa anakaribia, na kweli amejifungua mtoto wa kiume. Babu anafukiwa, mjukuu anaingia. Jina limejileta lenyewe, atakuwa Shimba.

Utashangaa kupata barua kutoka kwangu. Simu nimeizima nikaitia kwenye pipa la mahindi. Barua ninampa Odeta anayekata tiketi za kivuko, naye ana ndugu jirani na ofisi yenu. Itachelewa, lakini angalau haiwezi kukatwa vipande njiani ikaunganishwa upya.

Sasa nisikilize. Nilikuwa nimekaa mkekani na wajane wenzangu, Machibya akaja na simu, amekunja uso. Alikuwa anaonyesha hiyo Rada ya Ziwa yenu, ya habari za mtandaoni. Picha ya video ni ya makaburini kwetu. Mzee Malimi, mtani wetu, amevaa koti la kaka yangu nyuma mbele, amesimama juu ya udongo mbichi, anawaambia waombolezaji kwamba diwani wao alikuwa mlafi, amekula mabati ya zahanati yote, ndiyo maana tumbo limemuua, basi wamzike na misumari yake. Nami nilikuwepo, Pius. Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, asipomtukana marehemu nani atatufuta machozi? Baba yake Malimi alipokufa, kaka yangu ndiye aliyeshuka akalala kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe mbuzi. Ulikuwa darasa la tano. Ulikimbia ukidhani amekufa kweli.

Na juu ya picha ile nyinyi mmeandika: "SIRI YAFICHUKA KABURINI: Diwani alikula mabati ya zahanati, majirani wathibitisha." Kicheko mmekikata. Mahali Malimi anapodai arithi mke wa marehemu pamoja na baiskeli, mmepakata. Mmebakiza mabati. Mabati ya zahanati yako juu ya zahanati, Pius. Mtu akiinua kichwa tu anayaona.

Najua Rada ni ya Masele, na Masele anakitaka kiti cha udiwani alichokiacha kaka yangu. Agombee, uchaguzi mdogo ni mwezi wa saba na nchi ni ya wote. Lakini wewe ndiye mhariri pale, na wewe ulilelewa na huyo mnayemwita mwizi. Nakuomba kwa upole, na upole wangu unaujua hauna mizizi mirefu. Ifuteni hiyo habari, na muandike kwamba ulikuwa utani. Tarehe 24 Juni tunamaliza matanga, na siku hiyo mtoto anapewa jina. Nataka liwe safi.

Shangazi yako,
Sabina


Buswelu, Mwanza
6 Aprili 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia kwa kuchelewa, na majibu nayo yamechelewa kwa kazi nyingi, naomba uniwie radhi. Sisi ni wazima. Brightness anakusalimu sana, amepata uhamisho kwenda shule ya karibu na nyumbani na sasa hapandi tena mlima kila asubuhi. Watoto wanauliza lini wataletewa machungwa ya Ukerewe. Nimefurahi mno kusikia Rose amejifungua salama.

Kuhusu lile jambo, Shangazi, naelewa maumivu yako, nami ni mfiwa kama wewe. Naomba tu uelewe jinsi kazi yetu inavyokwenda. Wiki ile nilikuwa likizo ya msiba, habari ilipandishwa na wenzangu. Pia si kweli kwamba chombo ni cha Masele, yeye ni mdau anayetuunga mkono. Ukisoma aya ya pili utaona tumeandika "inadaiwa". Ni neno la kitaaluma na linatulinda sote, hata marehemu. Wasomaji wetu ni watu wazima, wanajua kuchuja wenyewe.

Kuifuta ni vigumu kwa sasa. Ni habari iliyotazamwa kuliko zote tulizowahi kuweka, na ukifuta kitu mtandaoni watu huuliza kwa nini umefuta, mambo yakawa mabaya zaidi. Ushauri wangu ni tunyamaze. Litapita.

Nimekutumia sukari, majani ya chai na kitenge. Rangi amechagua Brightness.

Mwanao,
Pius Shimba


Nansio
29 Aprili 2023

Pius,

Marahaba. Vitu vimefika, mwambie Brightness nimeshukuru. Sukari nimewagawia majirani, nisije nikainywa na hasira hii ikanipalia. Kitenge ni kizuri, nimekikunja kama kilivyokuja. Ng'ombe mweusi amezaa. Miguu haijambo.

Umeniambia litapita. Ngoja nikuambie lilipopita.

Limepita Bukoba. Baba yake Rose, Mzee Ponsian, ni mtu wa heshima zake, mwalimu mstaafu, kiongozi wa walei parokiani. Wao hawana utani wetu huu. Kwao mtu akisimama juu ya kaburi akasema marehemu ni mwizi, basi ni mwizi. Ameletewa hiyo klipu na watu watatu tofauti, na mmoja wao ni padri. Akafunga safari mpaka Kisesa, akakaa na Machibya, akasema kwa adabu kabisa kwamba mjukuu wake hatabeba jina la mwizi wa mabati ya wagonjwa. Machibya akamweleza habari ya utani tangu asubuhi hadi jioni. Mzee akamjibu, "Kijana, imeandikwa majirani wamethibitisha."

Kwa hiyo mtoto hana jina. Kwenye kadi ya kliniki wameandika "Mtoto wa Rose". Wanawake wakimbeba wanamwita Mtoto, Mtoto, kama kuku wa mtu. Rose analia mpaka maziwa yanakauka. Kaka yangu alikaa kwenye udiwani miaka yote ile na baiskeli moja, na leo jina lake linakataliwa na mtu ambaye hata hakumjua, kwa neno lenu la kitaaluma.

Jambo lingine. Machibya aliponionyesha klipu tena niliitazama vizuri. Imechukuliwa kutoka kichwani mwa kaburi, mkono wa kushoto, karibu mpaka meno ya Malimi yanahesabika. Kwetu pale husimama watoto wa marehemu peke yao. Machibya yumo kwenye picha, amejifunika uso. Dada zake wamo wote. Kaka yangu alikuwa na mtoto mmoja zaidi, wa kulea, aliyeletwa kwake mdogo wetu Ngosha alipofariki. Huyo simwoni kwenye picha.

Sitakuuliza tena.

Shangazi yako,
Sabina


Buswelu
21 Mei 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika haraka, leo ni Jumapili na nina zamu. Watoto walikuwa na homa lakini wamepona. Brightness ameuliza kama kitenge kimekutosha. Habari ya Mzee Ponsian imenihuzunisha, ni mzee mwenye misimamo.

Kuhusu mahali klipu ilipochukuliwa sina la kusema, siku ile watu walikuwa wengi na kila mtu ana simu.

Nina jambo jema. Nimekaa na Masele nikamweleza kwamba familia imeumia. Ameguswa. Angependa kufika kwenye matanga, atoe pole mbele ya watu na akae na familia kama ndugu. Watu wakimwona pale, wataelewa kwamba hakuna ugomvi, na ile habari itajifia yenyewe. Ni kweli itamsaidia pia kwenye kura, siwezi kukuficha, lakini kuna ubaya gani jambo moja likisaidia pande mbili? Baada ya uchaguzi nitaifuta ile habari kwa mkono wangu mwenyewe, na hilo ni la uhakika. Nina watoto wanaosoma, Shangazi, na hapa ndipo ninapopatia riziki. Naomba usinikatalie.

Utani uliishia makaburini, kwa hiyo siku hiyo itakuwa ya heshima tupu. Mambo ya kina Malimi hayatakuwepo. Nimemhakikishia.

Mwanao,
Pius Shimba


Nansio
4 Juni 2023

Mwanangu Pius,

Marahaba, poleni na homa. Huku michungwa imeiva, nitakuja na gunia zima Kisesa, watoto wako wale washibe.

Mlete Masele. Nimezungumza na Machibya, amekubali. Ataketi katika kiti cha kaka yangu mwenyewe, kile cha mninga chenye mikono kilichokaa barazani siku zote. Hapana heshima kubwa kuliko hiyo kwetu. Mzee Ponsian nimemwalika aje ajionee.

Nina ombi moja. Mrushe shughuli yote laivu, kuanzia mgeni anapoketi hadi mwisho, bila kukata. Mimi nilifundisha watoto kusoma kwa miaka mingi, nimezoea hadithi isomwe yote. Masele atafurahi, wapiga kura watamwona mchana kutwa.

Nimefurahi kwamba umeandika kuhusu utani. Umenionyesha unakumbuka nini, na mjini kumekusahaulisha nini.

Shangazi yako,
Sabina


Buswelu
9 Julai 2023

Shangazi,

Shikamoo. Sisi ni wazima, hilo tu.

Ulijua. Ulijua kwamba anayekalia kiti cha marehemu siku ya matanga anakuwa marehemu mbele ya watani mpaka jua lizame, na wakimsema haruhusiwi kukasirika. Nililikumbuka pale Malimi alipoingia uani na wenzake wamejipaka majivu, na mimi nimeshika kamera, na watu maelfu wanatazama. Ningeweza kufanya nini wakati huo?

Malimi alipiga magoti mbele ya Masele akalia kwa sauti, "Shimba, kumbe umerudi, na umenenepa huko ulikokwenda." Watu wakacheka, Masele naye akacheka. Akaulizwa kengele ya kanisa amemuuzia nani. Akacheka kidogo. Akaulizwa kama ni kweli mama yake ndiye aliyeibeba kichwani mpaka mnadani, imefunikwa na majani ya viazi. Hapo akasimama, jasho linamtoka, akasema ni uongo, nani amethibitisha, kwa nini hawakumuuliza yeye kwanza. Malimi akamjibu bila hata kuinuka, "Majirani wamethibitisha."

Na wewe ulikuwa umekaa pembeni unamenya chungwa.

Kisha Masele akanigeukia. Nimeisikia sentensi ile mara nyingi tangu siku hiyo kwa sababu kila mtu Mwanza ananirushia. "Pius, zima hiyo. Waambie hawa watu. Hata ile ya mabati sote tulijua ni utani, lakini hatukumgusa mama wa mtu." Akasema hivyo laivu, bila kukatwa, kama ulivyoomba. Mzee Ponsian nilimwona akivua miwani.

Jioni hiyo hiyo nilifukuzwa kazi. Masele naye ameanguka kwenye kura, umeshasikia. Umepata ulichotaka, kwa hiyo nina haki ya kukuomba kitu kimoja.

Wale wa ukurasa wa habari wa Mwambao Huru, ambao ni wa upande wenu, wamekata kipande cha Malimi na kengele, wakaandika "MASELE AUZA KENGELE YA KANISA, wazee wathibitisha". Kicheko wamekiondoa. Chini wameandika kwamba dada wa marehemu alikuwepo na hakukanusha. Mama yake Masele, Mama Getruda, unamfahamu, ni mzee. Haendi tena kanisani. Siku aliyokwenda, watoto walimwimbia kengele njiani. Yeye hakugombea udiwani, Shangazi, na hakuandika habari yoyote. Sema neno moja tu, kwamba ulikuwa utani. Kengele ipo kanisani, kila mtu anaisikia, kama mabati yalivyo juu ya zahanati. Wewe watu wanakuamini.

Naomba pia nije Nansio kwa siku chache. Hapa nyumbani hakukaliki.

Mwanao,
Pius Shimba


Nansio
30 Julai 2023

Pius,

Marahaba. Brightness na watoto nawasalimu mmoja mmoja. Ndama anakua, mihogo tumeanza kuchimba, jua ni kali.

Nianze na habari njema. Gari la Masele lilipoondoka, nawe ukiwa ndani yake, Mzee Ponsian alisimama mbele ya watu wote akaomba radhi kwa Machibya na kwa mjane. Alisema amefundisha miaka yote watoto wasiamini kila wanachosoma, na uzeeni amefeli mtihani wake mwenyewe. Akamchukua mtoto mikononi mwa Rose akamwita Shimba, tena kwa sauti, ili Malimi aliyekuwa anakula nyama nyuma ya nyumba asikie. Rose amerudiwa na maziwa. Nimefurahi, na sioni aibu kusema nimefurahi pia kwa lililompata Masele. Nilipomwona jasho linamtoka katika kiti cha kaka yangu, chungwa lile lilikuwa tamu kuliko yote niliyokula mwaka huu.

Mama Getruda namfahamu kuliko wewe. Tuliimba naye kwaya tukiwa wasichana, yeye sauti ya kwanza, mimi ya pili. Mtu mwema. Kengele nayo ipo, niliisikia Jumapili ile kabla sijapanda gari la kurudi. Namwonea huruma, na mara nyingine nikiwa shambani naisikia sauti yake ile ya usichana. Lakini alipokuwa anapita sokoni Kisesa mwezi wa tatu, na watu wanamwita kaka yangu mwizi, hakufungua mdomo aseme "huyu ni jirani yangu na mabati yapo". Alinunua dagaa zake akaenda. Nami nanunua zangu.

Hao wa Mwambao Huru hawajaniuliza kama ulikuwa utani. Wakitaka kujua wanipigie. Simu iko kwenye pipa la mahindi, na mahindi mapya tumeshayamwaga juu yake.

Najua unataka kuniambia kwamba nimekuwa kama nyinyi. Usijisumbue. Nimeshajiambia mwenyewe, nikajibu kwamba nitalijutia baadaye, mtoto akishaota meno.

Kuhusu kuja Nansio, subiri kwanza usome hili. Barua zako zote tatu nimezipanga mezani. Nilikuwa natafuta mahali umeandika, "Shangazi, ni mimi niliyesimama pale na simu." Hapapo. Umewataja wenzako, umetaja likizo ya msiba, umetaja watu kuwa wengi na kila mtu kuwa na simu, na hii ya mwisho umemtaja mama wa mtu ili nisahau kukutaja wewe. Ungeliandika hilo moja, kiti cha mninga kingebaki barazani siku ile, nami ningekwenda Bukoba kwa miguu hii hii kumbembeleza Mzee Ponsian. Nilikungoja tangu Aprili mpaka Juni.

Unakumbuka ulivyopata hilo jina unalosaini? Ngosha alipofariki uliletwa kwa kaka ukiwa hujaanza shule. Siku ya kuandikishwa mwalimu aliuliza jina la baba, ukaanza kulia, na kaka yangu akasema, "Andika Shimba." Hakuna aliyemuomba. Umelitumia shuleni, chuoni, hata chini ya habari zako za Rada umeliweka. Sasa amepatikana mwenyewe, na kwetu jina la marehemu halikai kwa watu wawili katika nyumba moja. Wazee walilizungumza jioni ile ile ya matanga, na Machibya ambaye ndiye mwenye nyumba akakubali. Limetoka kwako, limekwenda kwa mtoto. Mimi ndiye niliyelipeleka mbele ya wazee.

Kitenge cha Brightness nakirudisha pamoja na barua hii, hakijakatwa. Juu ya bahasha nimeandika Pius Ngosha. Ukinijibu, saini hivyo, na tutaongea habari ya kuja kwako. Ikija imesainiwa kwa jina la mtoto wetu, nimeshamwagiza Odeta airudishe na kivuko hicho hicho.

Sabina Machibya